Eka Tatu: Ardhi Iligawiwa, Bei Ikabaki Serikalini

Kwa Mzanzibari, "eka tatu" si kipimo tu. Ni jina la aina ya shamba, na kwa wazee ni jina la zama. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, serikali ya Abeid Amani Karume ilitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya umma, ikayatwaa mashamba makubwa ya mikarafuu na minazi bila fidia, na kuanzia 1965 ikayakata vipande vya eka tatu tatu na kuwapa wasio na ardhi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, kaya zaidi ya 22,000 zilikuwa zimepata. Hesabu hiyo ndiyo inayotajwa majukwaani, na kwa visiwa vidogo namna ile ni hesabu kubwa kweli. Lakini swali lililoamua hatima ya mashamba hayo lilikuwa jingine: karafuu ikishaanuliwa jamvini, nani alipanga bei yake?

Tukiri kwanza eka tatu zilivunja nini. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, ila ardhi haikuhama mikono. Walioachwa huru, na baada yao wahamiaji kutoka bara, walibaki mashambani wakiwa maskwota: mwenye shamba aliwaachia kulima muhogo chini ya mikarafuu, nao wakampalilia. Hawakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa kwa desturi ya visiwani mti huweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi, na aliyepanda mnazi angekuja kuudai. Mpango huo uliendelea kwa kuvumiliana mpaka siasa za vyama zilipopamba moto mwishoni mwa miaka ya 1950, baadhi ya wenye mashamba wakaanza kuwatimua maskwota walioshabikia Afro-Shirazi, chama cha Karume. Aliyekabidhiwa eka tatu muda mfupi baadaye alipata kitu ambacho babu yake hakukijua: muhogo ambao bwana shamba hawezi kumwamuru aung'oe.

Wapo wanaoshikilia kwamba kukatakata huko ndiko kulikoiua karafuu. Kwamba eka tatu hazitoshi, na kwamba wengine waliopewa hawakuwa wakulima. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, ila inayapamba mno mashamba ya zamani. Wenye mashamba wengi walikuwa wamezama kwenye madeni, kiasi kwamba katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria za kuwanusuru. Mikarafuu mingi ilikuwa imezeeka, na mingine ilinyauka kwa ugonjwa wa kufa ghafla. Mkarafuu nao haujali shamba ni la ukubwa gani. Unachodai ni subira: hupita miaka sita au zaidi kabla haujazaa, kwa hiyo anayepanda mche leo anaweka dau juu ya bei ya miaka mingi ijayo. Sasa bei yenyewe ilikuwaje? Mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la biashara la serikali. Katika miaka ya 1970, Indonesia ilipokuwa ikizisaka karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek na bei ya dunia ikapaa, mkulima alipewa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Shamba nalo hakuruhusiwa kuliuza wala kuligawa. Basi akaacha miti ya zamani izeeke, akajaza migomba na muhogo katikati, na karafuu nyingine ikavushwa usiku kwenda Mombasa. Huo wanaouita uvivu ulikuwa hesabu ya mtu anayejua kujumlisha.

Utetezi mzito zaidi ni kwamba fedha ambazo serikali ilibaki nazo hazikupotea: zilileta elimu bila malipo na majumba ya Michenzani. Ni kweli, na anayelipuuza hilo amesahau ni watoto wa nani waliokaa madarasani kabla ya 1964. Hata hivyo, hiyo ilikuwa kodi iliyotozwa juu ya zao moja, na mzigo mkubwa ukaiangukia Pemba, kunakotoka sehemu kubwa ya karafuu, ilhali majumba yalisimama Ng'ambo, Unguja. Miaka ya 1980, mikarafuu ya Indonesia yenyewe ilipoanza kuzaa na bei kuporomoka, chemchemi ilikauka, na miti michanga ya kusubiri nafuu ilikuwa michache.

Mwaka 2011 serikali iliamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Vipande vilikuwa vilevile, na wakulima, au watoto wao, walewale. Magendo yalipungua, na miche iliyogawiwa bure ikapata wa kuipokea. Kule Magharibi Unguja, kandokando ya mji, bei hiyo nzuri ilikuta eka nyingi zimekwisha kuwa viwanja: sheria ilikataza kuziuza, zikauzwa kimyakimya, na palipokuwa na mikarafuu pakaota nyumba.