Wakati Uliopita Ulivyofika Adumi

Walimu wa Kiswahili katika wilaya za West Nile wanazifahamu sentensi za aina hii: "Jana mimi nakwenda soko"; "Mimi kwisha kula". Kalamu nyekundu hupita, alama hupungua, na mwanafunzi hukaa chini bila kuelezwa kosa lake limetoka wapi. Katika makala haya tunataka kulifuatilia kosa hilo nyuma kidogo, kwa sababu tunaamini lina ukoo.

Adumi iko kaskazini magharibi ya Arua, kuelekea mpaka wa Kongo. Wenyeji wake ni Walugbara, na lugha yao si ya Kibantu. Sehemu hizo zilikuwa ndani ya eneo la Lado, lililotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Zilipewa Sudan mwaka 1910, kisha zikaingizwa Uganda mwaka 1914. Kiswahili hakikufika huko kwa jahazi wala kwa chuo cha Kurani kama kilivyoenea mwambao. Kilifika kwa buti. Jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wetu waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902, na vijana wengi wa West Nile waliandikishwa humo. Kijana aliyetoka kwao hajui neno moja la Kiswahili alirudi akiwa anakisema, lakini alijifunza kwa kuamriwa, hakufundishwa.

Sasa tujiulize: amri ina wakati gani? "Simama", "geuka", "leta maji". Amri haina wakati uliopita. Askari aliyetaka kusimulia mambo ya jana ilimbidi ajitengenezee njia, na njia mbili zilienea sana katika Kiswahili cha Keya. Ya kwanza ni kutumia -na- kwa nyakati zote na kuliachia neno "jana" au "zamani" lieleze mengine. Ya pili ni kutanguliza "kwisha" mbele ya kitenzi.

Njia hii ya pili isichekwe upesi. Wanaisimu wengi hukubali kwamba -me- yetu yenyewe imetokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, na -li- na kitenzi cha kuwa. Kwa hiyo askari wa Keya alirudia, bila kujua, kazi ambayo wahenga wa pwani waliifanya karne nyingi kabla yake. Tena jirani zake Wanubi, wazao wa askari wa Sudan, walikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Katika Kinubi kitenzi cha tendo kikiwa kitupu huonyesha lililopita: "ana rua" ni nilikwenda, "ana gi rua" ni ninakwenda, "ana bi rua" ni nitakwenda. Na wakitaka kusisitiza kuwa jambo limekamilika huongeza neno lenye maana ya kwisha.

Wakati huohuo Kiswahili cha vitabuni kilikuwa kinajengwa kwingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Uganda ilikuwa mwanachama, na Gavana Gowers alikuwa amekipigia debe Kiswahili tangu mwaka 1927, lakini upinzani wa Buganda na wa maaskofu ulikuwa mkubwa. Matokeo yake ni kwamba sarufi sanifu haikupata mizizi katika shule za Uganda, ilhali Kiswahili cha kambini kiliendelea kusemwa. Idi Amin, ambaye asili yake ni Koboko na aliyeingia Keya mwaka 1946, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa Waganda wengi tangazo hilo lilizidi kukifanya Kiswahili kinuke baruti.

Baada ya mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Waliokaa upande wa Aru na Ariwara walikuta Kilingala na Kiswahili cha Kongo, chenye mazoea yake ya vitenzi. Waliporudi, walirudi na hicho pia.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, suala hili si la kihistoria tu. Mtoto anayenyang'anywa alama kwa "kwisha kula" anaambiwa kwamba babu yake hakujua kusema. Linganisha na Kihispania: Mhispania wa Madrid akizungumzia mlo wa leo atasema "he comido", Mmeksiko atasema "comí", na hakuna mwalimu mwenye akili anayemwambia Mmeksiko ameiharibu lugha.

Hatusemi kiwango kiachwe. Mtihani utadai -li- na -me-, na mtoto lazima avijue. Lakini mlango upo katika lugha yake. Katika Kilugbara tendo lililokamilika huweka kitenzi kabla ya yambwa, na lisilokamilika huweka yambwa kabla ya kitenzi. Mwanafunzi wa Adumi basi ameshazoea kuuliza kama jambo limekwisha au bado. Mwalimu aanzie hapo: kwanza "amekula" na "anakula", ndipo baadaye "alikula" pamoja na jana yake. Vitabu vingi huanza na -li-, na kwa mtoto huyu tunadhani vinaanza kinyume.