Namba Isiyojulikana, Kabla ya x

Mnamo 1550 KK hivi, katibu mmoja wa Misri aitwaye Ahmose alinakili kwenye mafunjo maswali ya hesabu yaliyokuwa yameshatungwa karne kadhaa kabla yake. Mskoti Alexander Henry Rhind aliyanunua mafunjo hayo Luxor mwaka 1858, na leo mengi yake yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Swali la 26 lingefaa darasani hata kesho: kiasi fulani kikijumlishwa na robo yake, jumla ni 15. Ni kiasi gani?

Ahmose hakuwa na x. Alichukua 4, kwa kuwa robo yake haina usumbufu. Nne na robo yake ni 5. Inayotakiwa ni 15, yaani 5 mara tatu. Basi na ile 4 izidishwe mara tatu, jibu 12. Kisha akahakiki: robo ya 12 ni 3, jumla 15. Alianza na namba aliyojua fika kwamba si jibu, akaacha uwiano uisahihishe. Kwangu mimi, huo ni ujasiri mkubwa wa akili.

Njia hiyo ina mpaka wake. Ukiongeza namba nyingine pembeni, mathalani kiasi, robo yake na 2 zaidi, uwiano unavunjika.

Njia nyingine ilitoka Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), ambako Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alikipa kisichojulikana jina: kitu. Sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu wasia na mirathi. Mfano mmoja: mtu amefariki, ameacha wana wawili na dirhamu 10 taslimu, na mwana mmoja anadaiwa na baba dirhamu 10. Theluthi ya mali imeusiwa mtu baki. Fungu la mwana mwenye deni, litakalokatwa katika deni lake, liitwe kitu. Mali ya kugawa ni 10 na kitu, kwa kuwa deni linalozidi fungu lake halihesabiwi. Kila fungu ni theluthi yake, na fungu hilo ndilo kitu chenyewe. Basi kitu ni 3 na theluthi pamoja na theluthi ya kitu, kwa hiyo theluthi mbili za kitu ni 3 na theluthi. Kitu ni 5. Zile 10 taslimu wanagawana mwana wa pili na aliyeusiwa, tano tano.

Mwambao wetu unaijua hesabu hii. Makadhi wa Unguja, Lamu na Mombasa wangali wanagawa mirathi kwa nusu, robo, thumuni, theluthi na sudusi.

Herufi x ilikuja baadaye sana, katika kitabu cha Mfaransa Descartes cha 1637. Mwanafunzi wetu hukutana nayo kwanza, na wengi huiogopa kabla ya kujua inatafuta nini. Mwalimu, mpe kwanza swali la Ahmose. Mwache achague namba yake, ajaribu, arekebishe, ahakiki. X ifuate baadaye.