Mabinti wa Selofehadi na Shamba la Holaria

Wengi wetu tunawakumbuka mabinti watano wa Selofehadi katika Hesabu sura ya 27. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa kudai urithi. Musa aliipeleka kesi yao mbele za Bwana, wakapewa haki. Sura ya 36 tunaisoma kwa nadra. Humo wazee wa ukoo wanarudi na hofu yao: wakiolewa kabila jingine, ardhi itaondoka. Nao pia walisikilizwa, ikaamriwa mabinti waolewe ndani ya kabila la baba yao.

Hofu hiyo hiyo iliingia katika mahakama zetu mwaka 1988. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya wilayani Muleba, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu yake mmoja akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, akidai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu hiyo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasimama na Holaria: tangu haki za binadamu ziwekwe katika Katiba mwaka 1984, mila haiwezi kumnyima mwanamke kile inachompa mwanamume. Lakini hakuupuuza ukoo. Ndugu yeyote aweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi bei yake, awe aliyeuza ni mwanamume au mwanamke. Tunaona hekima hapo. Walawi 25 haiko mbali.

Mtu angedhani jambo limekwisha. Wajane wawili waliofukuzwa nyumbani na mashemeji zao walipinga mahakamani kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, ila ikaona si rahisi kubadili mila kwa hukumu. Katiba ni ile ile, jibu tofauti! Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya umri wa ndoa iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, haikusita hivyo: vifungu vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa vilikutwa vinakiuka Katiba. Kesi hiyo haikugusa kanuni za mirathi.

Nasi wa Lufingo? Mtu akifariki, ukoo hukaa, na muhtasari wa kikao ndio unaokwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Hivyo hukumu nyingi hupikwa chini ya migomba, na wazee wa ukoo mara nyingi ndio wazee wetu wa kanisa. Linalotugusa zaidi ni swali ambalo mahakama huuliza juu ya Mkristo aliyekufa bila wosia: aliishi kwa mila, au aliiacha? Cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi. Mahakama hutazama mwenendo wa maisha yake na nia yake. Ikionekana aliiacha mila, hutumika sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865 (ndiyo, bado ipo kwetu), ambayo humpa mjane theluthi moja, na watoto hugawana iliyobaki sawasawa, binti kama kaka yake. Ikionekana aliishi kwa mila, mambo hurudi kwenye mila.

Sasa mchukue mshirika wetu aliyetoa ng'ombe wa mahari, akafunga ndoa madhabahuni, akalima chai na ndizi katika shamba la babu yake, akashiriki Meza ya Bwana miaka arobaini. Huyu aliishi kwa lipi? Mjane wake ataulizwa, na majirani wataulizwa. Mchungaji naye anaweza kuitwa kutoa ushahidi, na hapo daftari la usharika halitamsaidia sana.

Wosia ungempunguzia mjane huyo maswali mengi. Baba yake Holaria aliuacha.