Kifua Kilivyoanza Kusikilizwa

Madaktari wa Ugiriki ya kale, wafuasi wa Hippocrates, walimshika mgonjwa mabega na kumtikisa huku wametega sikio ubavuni. Usaha au maji yaliyojaa kifuani yalisikika kama maziwa yanayosukwa kibuyuni.

Mbinu ya kugonga kifua ilikuja baadaye sana. Mwaka 1761, Leopold Auenbrugger wa Vienna alichapisha kijitabu cha Kilatini kilichoeleza jinsi ya kugonga kifua kwa ncha za vidole. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni mjini Graz, na inasemekana huko ndiko alikoona mapipa yakigongwa ili kujua mvinyo umebaki kiasi gani. Pafu lenye hewa hutoa mlio mfano wa ngoma. Lililojaa maji au lililoshupaa kwa nimonia hutoa mlio mzito usio na mwangwi. Wengi walikipuuza kitabu hicho hadi mwaka 1808, Jean-Nicolas Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kwa Kifaransa.

Mwanafunzi wa Corvisart, René Laennec, aliongeza usikivu. Mwaka 1816, mjini Paris, alimpokea mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Unene wa mgonjwa ulifanya kugonga kusisaidie, na kumlalia kifuani kwa sikio hakukuwa adabu. Laennec akaviringisha karatasi ikawa bomba, akasikia moyo waziwazi. Baadaye alichonga bomba la mti, akaliita stetoskopu. Katika hospitali ya Necker alilinganisha miluzi na mikwaruzo ya mapafu na hali ya viungo vya waliofariki, akachapisha matokeo mwaka 1819. Alifariki mwaka 1826, akiwa na miaka 45, kwa kifua kikuu, ugonjwa aliouchunguza kwa kina.

Stetoskopu ya masikio mawili iliboreshwa na George Cammann wa New York mwaka 1852. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, haikuuondoa utaratibu wa kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza.

Kutazama, hatua kongwe kuliko zote, bado huokoa maisha. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kazi hiyo huhitaji saa tu.