Tezi kuvutwa na rafadha

Tezi kuvutwa na rafadha ni tabia ya chombo chenye injini moja kupeleka tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, upande badala ya kunyooka, hasa nahodha anapotia gia ya nyuma akiingia gatini.

Tabia inayofanana nayo huonekana pia kwenye ndege. Cessna Caravan, ndege ya rafadha moja, ikishika kasi ya kuruka huvuta pua kushoto, na rubani huirudisha kwa kukanyaga pedali ya kulia.

Rafadha nyingi za injini moja ni za kulia: ukizitazama kutoka nyuma chombo kikienda mbele, huzunguka kama mishale ya saa. Ukitia gia ya nyuma mzunguko hugeuka na tezi huenda kushoto. Shafti huwa imeinama kuelekea nyuma, kwa hiyo panga linaloshuka na linalopanda hayakati maji kwa pembe moja. Tena maji yanayotupwa mbele hugonga ubavu wa kulia na kuusukuma. Kwenda mbele mvuto huo hauna shida, kwa kuwa maji ya rafadha hupiga usukani moja kwa moja. Kurudi nyuma hayaupigi. Nahodha anaweza kuukata mpaka mwisho na chombo kisimsikie.

Jahazi la dizeli lenye rafadha ya kulia, likiingia gati la Malindi, Unguja, kwa ubavu wa kushoto, hufaidika. Omo, yaani sehemu ya mbele, huelekezwa gatini kwa pembe ndogo, mwendo ukiwa umepunguzwa mapema. Likikaribia kugusa, hutiwa gia ya nyuma kwa mkupuo mfupi: jahazi husimama, na tezi hujilaza yenyewe kwenye matairi ya gati. Kwa ubavu wa kulia gia ileile huitoa tezi nje. Basi huingiwa polepole zaidi, karibu sambamba na gati, na kamba ya tezi hurushwa mapema. Kuongeza moto hapo ni kosa la kawaida, na huzidisha mvuto.

Palipobana, geuzia kulia: usukani wote kulia, mkupuo mbele, mkupuo nyuma, bila kuugusa tena. Upepo mkali wa kusi unaweza kuyavuruga haya yote.

Usiyejua chombo chako, tia gia ya nyuma kamba zikiwa bado zimefungwa, utazame povu linatokea ubavu gani. Tezi itavutwa upande wa pili. Boti ya fiberi yenye mashine ya kuning'iniza nyuma huathirika kidogo, maana rafadha yenyewe hugeuzwa. Mwenye injini ya ndani na shafti moja achague upande wa kufunga kabla hajafika gatini.