Kiu Katikati ya Mafuriko

Aprili 2018 Nairobi ilifurika. Barabara ziligeuka mito, magari yakakwama, nyumba za mabondeni zikajaa matope. Na bado mgao wa maji ulioanza Januari 2017 ulikuwa unaendelea. Maji yamejaa mlangoni, mfereji ni mkavu. Ilikuwa rahisi kudhani kuna njama ya wenye malori ya maji. Lakini kisa hiki kina mizizi mirefu kuliko wao.

Reli ilipofika hapa 1899, Wamaasai walikuwa tayari wanapaita mahali hapa kwa maji yake baridi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakoloni walianza kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi za Kikuyu. Watu wakaongezeka, bomba likaenda mbali zaidi: bwawa la Ruiru karibu na 1950, Sasumua 1956, kisha Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994.

Wahandisi hawakuwa wajinga. Milima ya Nyandarua ina misitu, ina mvua, na iko juu kuliko jiji. Maji yanashuka yenyewe hadi Ngethu, yanasafishwa, halafu yanateremka Gigiri. Hakuna haja ya kulipia stima ya kuyasukuma. Shida ni kwamba kila kiu mpya ilipata jibu lilelile: rudi mlima uleule. Leo Ndakaini, yenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, inategemewa kwa zaidi ya asilimia 80 ya maji ya jiji.

Mpango huo unataka mvua iwe na adabu: ije kwa msimu wake, kwa kiasi chake, mahali pake. Siku hizi haiji hivyo. Mei 2003 ilikuja kwa nguvu hadi ikaharibu njia ya kutolea maji ya ziada pale Sasumua, na jiji likapungukiwa maji kwa sababu ya mvua nyingi. Mwisho wa 2016 mvua za vuli zikakosa, Ndakaini ikashuka, mgao ukaanza. Halafu 2018 mvua ikaimwagikia Nairobi huku bwawa likichelewa kujaa.

Jibu la karibuni ni handaki la Northern Collector, kilomita karibu 12, lililozinduliwa 2022. Linachukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Wazo lenyewe si baya, kuvuna mafuriko kabla hayajapotea. Wapo wakazi wa Murang'a waliolipinga, wakihofia mito yao itakauka ili Nairobi ioge. Lakini hata hofu hiyo ukiiweka kando, tumerudi mlima uleule, bwawa lilelile.

Na bwawa likishuka, hatuumii sawasawa. Mwenye pesa anachimba kisima kirefu nyuma ya nyumba. Asiye nazo anamngoja mtu wa mkokoteni, na bei ya mtungi inapanda kila wiki.

Mlima bado tunauhitaji. Tangu 2015 kuna mfuko unaowasaidia wakulima wa juu kuchimba matuta na kupanda nyasi ili udongo usijaze mabwawa, na hilo ni jambo la maana. Ila jiji pia liangalie kwake. Lizibe mabomba yanayovuja njiani. Halafu litazame mapaa yake. Nairobi hupata karibu milimita 900 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 90,000. Hata theluthi ikipotea, inabaki mitungi 3,000 ya lita 20.

Kwa miaka mia na ushee tumeyafuata maji mbali. Yale yanayotuangukia kichwani tumeyachimbia mitaro, tena mibovu, yaondoke haraka. Ndiyo yaliyotufurika 2018.