Kumpima Mtu Aliyepona Jeraha la Kichwa

Kichwa kikipigwa kwa nguvu, mara nyingi huumia sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, kwa sababu ubongo husukumwa na kukwaruzwa na mifupa yenye kingo iliyo chini yake. Sehemu hiyo ndiyo inayopanga kazi, inayozuia hasira na inayobadili mwendo hali inapobadilika. Ndiyo maana majeruhi anaweza kutembea, kuzungumza na kutaja majina ya wanawe wote, na bado siku yake ikamshinda.

Waganga walichelewa kulitambua hilo. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, Marekani, baruti ilirusha mtaimbo ukapenya shavu la kushoto la Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli, na kutokea utosini. Akapona. Miaka 20 baadaye daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba Gage alikuwa akibuni mipango na kuiacha. Mwanahistoria Malcolm Macmillan hakubali kwamba Gage aliharibika moja kwa moja, maana baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa. Mimi naona maelezo hayo mawili yanapatana: Harlow alieleza hasa miaka ya mwanzo, na kazi yenye ratiba ileile kila siku huenda ndiyo iliyompangia Gage maisha.

Vipimo vya sehemu hiyo ya ubongo vilikuja baadaye, na kimojawapo kilitoka jeshini. Mwaka 1944 jeshi la Marekani lilikuwa na karatasi ya kuunganisha namba na herufi kwa zamu: 1, A, 2, B. Mwaka 1963, Montreal, Brenda Milner alionyesha kwamba waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kupanga kadi kwa kanuni ya zamani hata wanapoambiwa wamekosea. Kisha mwaka 1991 Tim Shallice na Paul Burgess walieleza habari za wagonjwa watatu waliofanya vizuri katika vipimo vingi vya mezani, lakini wakashindwa walipotumwa madukani. Mezani mpimaji ndiye anayepanga, yeye husema anza na yeye husema acha; dukani hakuna wa kumwongoza mgonjwa.

Nchini Uganda, kitengo cha upasuaji wa ubongo kilianza katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1969, na Jovan Kiryabwire akawa Mganda wa kwanza katika kazi hiyo. Upasuaji huokoa uhai, lakini Maliba, chini ya milima ya Rwenzori, iko mbali na Kampala kwa zaidi ya kilomita 300 za barabara, na majeruhi wa bodaboda hurudi kuishi huko. Ukimpa karatasi ya herufi mkulima wa kahawa anayesema Lukonzo na ambaye hakusoma, unapima shule, hupimi jeraha.

Basi mhudumu wa afya wa Maliba ampe mgonjwa fedha na vitu vitatu vya kununua sokoni, amwekee saa ya kurudi, na amfuate kwa mbali bila kumsaidia. Kisha amwulize mkewe, faraghani, mumewe alikuwaje kabla ya ajali.